Uzi: Mekatilili wa Menza alikalia kiti cha utawala kayani, mbona hatulisemi hilo?

MwanaSabaki (mwanzisha uzi)

Salaam wadau. Kila Agosti hapa Malindi tunamkumbuka Mekatilili wa Menza, bibi wa Kigiriama hapa Pwani ya Kenya aliyewaongoza watu wake kumpinga Mwingereza. Akina mama wanavaa hando, ile sketi ya asili, ngoma zinapigwa, watu wanakwenda hadi kaburini kwake Bungale kule Magarini, na wakubwa wanapewa maikrofoni. Mjini kwenyewe sanamu yake imesimama tangu Siku ya Mashujaa ya kwanza, Oktoba 20, 2010, kwenye bustani iliyokuwa ikiitwa Uhuru na sasa ina jina lake. Hata Google ilimweka kwenye ukurasa wake wa mbele Agosti 9, 2020. Yote hayo nayaunga mkono kwa moyo mmoja.

Kinachoniuma ni hotuba. Kila mwaka ni zile zile: alimtia kofi Mzungu, alitoroka kifungoni, alirudi kwa miguu kutoka Kisii. Hotuba ikiisha watu wanapiga makofi, na mtoto wa shule anarudi nyumbani akiamini kuwa bibi huyu kazi yake ilikuwa vurugu, na vurugu zilipokwisha naye akaisha.

Nataka tumtazame upande mwingine. Ugomvi wa Mekatilili na Mwingereza ulikuwa ugomvi wa utawala wa mashinani: nani ana haki ya kusema kwa niaba ya kijiji, amewekwa na nani, na analipwa na nani. Na aliporudi kutoka uhamishoni mwaka 1919 alipewa kiti ndani ya Kaya Fungo (kaya ni makao matakatifu ya wazee msituni), kiti cha kuongoza baraza la wanawake. Yaani Pwani yetu ilikuwa na mwanamke kwenye uongozi wa mashinani, mwenye kiti kinachojulikana na kuheshimiwa, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hilo sijawahi kulisikia likitajwa jukwaani hata mara moja.

Uzi utakuwa mrefu. Nitaweka vipande, mwenye swali au nyongeza aingie tu.

MwanaSabaki

Tuanze na jinsi Wagiriama walivyojitawala, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Hawakuwa na mfalme wala chifu. Makao yao ya asili ni Kaya Fungo, upande wa Kaloleni, ambayo wengine huiita Kaya Giriama. Uongozi ulikuwa wa wazee waliopanda ngazi za rika hadi kuingia Kambi, yaani baraza kuu. Wachache zaidi wakawa vaya, hao ndio waliokuwa na kiapo cha fisi, kiapo ambacho mtu akikisikia anatetemeka. Hakuna aliyeteuliwa na mtu mmoja na hakuna aliyelipwa mshahara. Mzee aliheshimiwa kwa umri, kwa mila alizopitia na kwa busara yake ya kuamua kesi.

Kufikia mwanzo wa karne ya 20 watu wengi walikuwa wameshatoka kayani. Walitawanyika na kulima, wakafika hadi mto Sabaki na kuvuka ng'ambo. Mahindi yao yalishuka hadi Malindi na Takaungu kwa wafanyabiashara. Kayani walibaki wazee wachache, na sauti yao haikufika mbali kama zamani. Mwingereza alipokuja hapa kijijini hakumkuta wa kumwambia "wewe ndiye mkubwa, lete watu wako". Mjini Malindi mambo yalikuwa mepesi kwake, palikuwa na liwali, palikuwa na kadhi, ukanda wa maili 10 wote ulikuwa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar na yeye akitawala kupitia kwao. Bara ilimbidi aunde wakubwa wake mwenyewe.

Na wanawake? Kambi hawakukaa. Walikuwa na vyama na ngoma zao, kubwa ikiwa kifudu, ngoma ya msiba. Mekatilili, aliyezaliwa Mnyazi wa Menza, hakuwa na cheo chochote rasmi. Alikuwa mjane mwenye watoto waliokwishakua. Kwa mila ile, mwanamke wa umri huo aliweza kutembea na kusema kwa uhuru ambao mke kijana hakuwa nao.

Kijana wa Ganda

Endelea kaka, tuko pamoja. Mimi shuleni nilifundishwa aya mbili tu za Mekatilili na mtihani ukauliza tarehe.

MwanaSabaki

Haya. Mwaka 1912 serikali ilimleta Arthur Champion awe afisa msaidizi wa wilaya katika nchi ya Wagiriama. Bosi wake Pwani alikuwa Charles Hobley. Champion alikuja na mambo matatu: kodi ya nyumba ikusanywe, vijana wapelekwe kufanya kazi kwenye mashamba ya Pwani, na kila eneo liwe na mkuu na baraza linalotambuliwa na serikali.

Hayo ya vibarua yana asili yake. Utumwa ulifutwa kisheria kwenye ukanda wa Pwani mwaka 1907. Mashamba ya zamani yakakosa mikono, na papo hapo walowezi wa Kizungu walikuwa wakifungua mashamba ya mpira upande wa Malindi. Serikali ikatazama bara, ikawaona Wagiriama, watu wengi wenye nguvu ambao hawakuwa na haja ya kuajiriwa na mtu kwa sababu walikuwa na mahindi yao, mifugo yao na mnazi wao.

Sasa jiweke kwenye boma la mama wa Kigiriama wakati ule. Chakula chote cha nyumba na akiba ya kuuza vinatoka shambani, na shamba linafyekwa na vijana wake. Mkuu mpya wa serikali, mtu anayemjua tangu utotoni, anakuja kumwambia amtoe kijana mmoja aende Malindi kwa Mzungu. Kijana akienda, msimu umepotea. Asipoenda, mkuu atamwandika kwa afisa. Na huyo mkuu analipwa na afisa, kwa hiyo hata akikuonea hakuna baraza la kijiji linaloweza kumwondoa. Hapo ndipo pa kumwelewa Mekatilili. Kodi ilikuwepo, ardhi ilikuwepo, lakini katikati ya yote alikuwepo yule mtu wa kati aliyewekwa na serikali akadai ndiye sauti ya kijiji.

Mwaka 1913 akaanza kuzunguka, boma kwa boma. Alicheza kifudu, watu wakajaa, kisha akasema nao. Aliwaambia wasilipe kodi, wasitoe vijana, wasiwatii hao wakuu wapya. Ikaitishwa mikutano mikubwa Kaya Fungo, na hapo yakafanyika mambo ambayo kiutawala ni mazito sana: wanawake wakala kiapo cha mukushekushe na wanaume wakala cha fisi. Kwa siku zile kiapo ndiyo sheria yenyewe. Wanaume na wanawake wote walifungwa na uamuzi mmoja, na aliyewaleta pale alikuwa mwanamke asiye na kiti Kambini.

Wazee husimulia kisa cha kuku. Champion alikuwa barazani akitaka vijana. Mekatilili akaja na kuku mwenye vifaranga, akamwambia amchukue kifaranga mmoja. Champion alipojaribu, kuku akamdonoa. Akamwambia, hivyo ndivyo utakavyopata ukiwagusa wana wetu. Wengine huongeza kwamba Mzungu alijibu kwa kumpiga kuku risasi. Kisa hiki kimepokewa kwa mdomo, lakini kinaonyesha namna yake ya kuongoza. Aliwatetea vijana mbele ya baraza, watu wote wakishuhudia.

Na kiapo kilifanya kazi. Wale wakuu wa serikali wakawa hawana wa kumtuma. Wengine waliogopa hata kuonekana wakizungumza na Champion. Kodi haikuingia, vibarua hawakutoka. Serikali ya mashinani aliyoijenga Champion ilisimama ghafla.

Karani mstaafu

Uzi mzuri. Ila ndugu yangu, usimsahau Wangu wa Makeri wa Weithaga, Murang'a. Yeye alikuwa mkuu wa eneo mwanzoni mwa miaka ya 1900 hadi 1909, na serikali ya kikoloni ilimtambua. Kwa hiyo kusema Mekatilili ndiye wa kwanza itakuwa shida.

MwanaSabaki

Mzee wangu nakushukuru, na wala sisemi ni wa kwanza Kenya nzima. Wangu ana nafasi yake na hakuna wa kumpokonya. Ila tazama walivyoingia. Wangu aliteuliwa, akapitia mkono wa Karuri wa Gakure aliyekuwa chifu mkubwa wa Mwingereza kule. Kazi yake ilikuwa ile ile ya kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi. Mekatilili alikuja kutoka upande wa pili kabisa, alipinga kazi hiyo hiyo, akafungwa kwa ajili yake, na bado baadaye akapewa kiti na watu wake. Ni njia mbili tofauti za mwanamke kuingia kwenye utawala wa kijijini katika kipindi kimoja, na wote wawili wanafaa kufundishwa pamoja.

Halafu kuna Grace Onyango, meya wa Kisumu mwaka 1965 na mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni mwaka 1969. Yeye ni wa mjini, lakini alianzia huko huko kwenye serikali za mitaa.

Bajuni wa Faza

Nasi huku visiwani tusiachwe nyuma. Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija karne ya 18, sultani mwanamke, na mambo yake si ya hadithi za bibi, yamo katika historia ya Pate. Waswahili wa kale walikuwa na malkia mbalimbali Pwani hii. Ajabu ni kwamba leo Lamu kaunti nzima ina wadi 10, na mwanamke akitangaza kugombea wadi anaulizwa kwanza mume wake amekubali. Mwana Khadija hakuulizwa.

MwanaSabaki

Sheikh wangu wa Faza, hilo neno zito na nitalirudia chini. Kwanza nimalize habari ya bibi.

Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, mzee aliyekuwa naye bega kwa bega. Wakapelekwa Kisii, ng'ambo ya nchi nzima, ili wasisikike tena. Mwaka 1914 walitoroka na kurudi. Ni mamia ya kilomita, katika nchi wasiyoijua, kwa lugha wasizozijua, na yeye hakuwa msichana. Sehemu hii inajulikana vizuri, siendi mbali nayo.

Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikapamba. Vijiji vilichomwa, mbuzi wakachukuliwa, watu wakaamriwa kuondoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, ile ardhi yenye rutuba waliyoifungua wenyewe. Wagiriama walipigwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa kutoa watu 1,000 wa kazi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimeanza na wabebaji mizigo walihitajika. Mekatilili alikamatwa tena na kuondolewa.

Mtu wa hotuba huishia hapo. Mimi nawaomba tusonge mbele miaka mitano.

Mwaka 1919 Mekatilili na Wanje waliachiliwa na kurudi nyumbani. Serikali ilikuwa imeshaona kuwa wale wakuu wake wa kuteuliwa hawakubeba chochote bila idhini ya kaya. Waliofukuzwa kutoka ng'ambo ya Sabaki nao walikuja kuruhusiwa kurudi. Kaya ikafunguliwa. Wanje akakaa kuongoza baraza la wanaume, na Mekatilili akakaa kuongoza baraza la wanawake. Wote wawili wakaishi kayani.

Fikirieni uzito wake. Mwanamke aliyeandikwa na maofisa wa kikoloni kuwa ni mchawi, aliyefungwa kwa kuvuruga utawala, anarudi na kuwekwa kwenye utawala. Hakurudishwa kimya kimya akapike na kulea wajukuu. Alikaa pale hadi kufa kwake katikati ya miaka ya 1920.

Wakili mtarajiwa

Nakupinga kidogo kwa heshima. Hilo baraza la wanawake lilikuwa la kimila. Halikuwa na bajeti, halikuwa na sheria iliyoandikwa. Kuliita utawala wa mashinani si kulikuza kupita kiasi?

MwanaSabaki

Swali zuri na linahitaji jibu la haki.

Tuulize Kambi ya wanaume ilikuwa na bajeti gani? Haikuwa nayo, na hakuna msomi anayekataa kuwa Kambi ilikuwa serikali ya Wagiriama. Iliamua mashamba, mahari, damu, mvua na kiapo. Kama cha wanaume ni utawala, basi na baraza lililokaa sambamba nalo ndani ya kaya ile ile ni utawala. Huwezi kupima upande mmoja kwa kibaba na mwingine kwa kijiko.

Halafu tazama kilichofuata. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuunda mabaraza ya wenyeji ya wilaya, yaliyoanza kazi mwaka uliofuata, karibu na wakati ambao bibi anafariki. Mabaraza hayo ndiyo yaliyokuja kuwa mabaraza ya wilaya ya Waafrika mwaka 1950, na baada ya uhuru yakawa halmashauri za kaunti, zile tulizozijua na madiwani wake hadi ugatuzi ukaja mwaka 2013. Huo ndio ukoo wa serikali zetu za mashinani. Kwenye ukoo huo Mwingereza alichukua wazo la baraza la wazee wanaume, akaliandika na kulipatia ushuru wa kukusanya. Baraza la wanawake hakulichukua. Liliachwa msituni na kaya yake. Mabaraza hayo mapya yalianza yakiwa ya wanaume, na wanawake walipoanza kuingia miongo kadhaa baadaye, waliingia kama wageni kwenye nyumba iliyojengwa bila wao.

Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba mwanamke kwenye uongozi wa kijiji ni mambo ya kuletwa na wafadhili, ninamwambia aende Kaloleni akaulize Kaya Fungo ilikuwaje mwaka 1919.

Mama Garashi

Nimesoma yote nikasema niandike. Mimi ni mzee wa kijiji huku kandokando ya Sabaki. Niliwekwa na wananchi wenyewe barazani, chifu akakubali. Kazi hii sisi hatulipwi, tumefanya miaka na miaka kwa kujitolea. Mtu akipigwa na mumewe usiku ni mlango wangu. Ng'ombe ameingia shamba la mtu, ni mlango wangu. Msichana ameacha shule, ni mimi naanza kuuliza.

Mwaka wa mafuriko, mto ulipopanda na kuchukua mashamba, watu walihamia mahali pa juu kwenye mahema. Nina daftari langu la kurasa 96, la watoto wa shule. Nilikuwa nimeandika kila nyumba: watu wangapi, mjamzito yupo, mgonjwa wa kisukari yupo, mzee asiyeweza kutembea yupo, nani alikuwa na mbuzi na amebaki na wangapi. Gari la chakula lilipofika, aliyetumwa akashuka, akatazama watu, akauliza, "Mzee wa kijiji yuko wapi?" Mimi nimesimama mbele yake na daftari mkononi. Nikamwambia ni mimi. Akauliza tena, akiwatazama wanaume waliokaa chini ya mwembe. Mmoja wao akamwonyesha kwangu kwa kidole. Ndipo akaja.

Chakula kiligawanywa kwa daftari langu na hakuna aliyelalamika. Lakini siku ile ilinikaa rohoni. Sikujua kuwa Mekatilili aliongoza baraza. Mimi nilijua alipigana tu.

Bajuni wa Faza

Mama Garashi, Mungu akuweke. Wewe ndiwe serikali.

MwanaSabaki

Dada yangu, au niseme mama, nimesoma ujumbe wako nikausoma tena. Hii ndiyo sababu ya uzi wote.

Tuliweke wazi jambo moja kwa wasomaji, maana hapa watu huchanganya. Mzee wa kijiji kama Mama Garashi yuko upande wa serikali ya kitaifa, chini ya naibu wa chifu na chifu. Hao ndio serikali ambayo mwananchi anaiona kila siku. Upande wa kaunti kuna ngazi nyingine. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataja msimamizi wa kaunti ndogo, msimamizi wa wadi, na chini kabisa msimamizi wa kijiji. Sheria hiyo hiyo inasema kila kijiji kiwe na baraza la kijiji: msimamizi ndiye mwenyekiti, pamoja na wazee wasiopungua 3 na wasiozidi 5, na usawa wa kijinsia uzingatiwe wakati wa kuwachagua.

Someni tena hapo. Baraza la kijiji limo kwenye sheria, na wanawake wamo kwenye baraza hilo kwa sheria. Ni jambo ambalo Wagiriama walikuwa nalo kwa namna yao. Tatizo ni kwamba kaunti nyingi zilijenga ngazi za juu upesi, za chini zikacheleweshwa. Kwa gavana na mawaziri wake pesa zilipatikana mwaka wa kwanza. Kwa kijiji kila bajeti tunaambiwa tusubiri.

Juu kidogo, kwenye wadi, hali mnaijua. Kenya ina wadi 1,450. Uchaguzi wa 2017 wanawake walioshinda uwakilishi wadi walikuwa 96. Mwaka 2022 wakawa 115. Nafasi zilizobaki za wanawake kwenye mabunge ya kaunti hujazwa kwa uteuzi wa vyama, kwa sababu Katiba ya 2010, kifungu cha 177, inataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Na mteule anadharauliwa. Anaambiwa hana wadi, hana wapiga kura, hana hela ya maendeleo, akae kimya. Watu wanaosema hivyo husahau kuwa hakuna mwanamke aliyeomba kuteuliwa badala ya kuchaguliwa kwa raha zake. Kampeni ya wadi inakula pesa, inafanyika usiku, na matusi anayotupiwa mgombea mwanamke mwenzake wa kiume hatupiwi. Sheikh wa Faza amesema juu, kwanza anaulizwa ruhusa ya mume.

Ngazi za juu huku kwetu zimefunguka mapema kuliko za chini. Malindi ilimchagua Aisha Jumwa kuwa mbunge mwaka 2017, na mwaka 2022 ikamchagua Amina Mnyazi. Kilifi ikapata naibu gavana mwanamke, Flora Chibule. Jirani zetu Kwale wakamchagua Fatuma Achani gavana. Mtu awe anawapenda au hawapendi kisiasa, njia ya juu imeonekana. Lakini ukishuka hadi kwenye benchi chini ya mwembe, bado mtumishi wa umma anamtazama mwenye daftari na kuuliza mzee yuko wapi.

Kijana wa Ganda

Kaka, kuna kitu kinanisumbua. Umesema Wazungu walimwandika mchawi. Si ndivyo wanavyofanyiwa wazee wetu leo?

MwanaSabaki

Ndivyo, na nilikuwa natafuta pa kulitia hili.

Katika kaunti yetu wazee wanauawa kwa tuhuma za uchawi. Ganze, Magarini, Kaloleni, kila mahali limeshasikika. Mara nyingi ukichimba unakuta shamba. Mzee ana ardhi, watoto au ndugu wanataka kuuza, mvi zinageuzwa ushahidi. Wengine wamelazimika kukimbia nyumba zao na kuishi kwenye makao ya hifadhi, ikiwemo Kaya Godoma kule Ganze.

Sasa mpime Mekatilili kwa macho ya leo. Mjane. Umri umekwenda. Anasema hadharani. Anajua viapo. Anapinga watu wenye pesa wanaotaka ardhi na vijana. Mwanamke huyo huyo, akiishi leo kwenye kijiji chochote kati ya Marafa na Jilore, nani atamtetea asubuhi jina lake likianza kunong'onwa? Afisa wa kikoloni alilitumia neno mchawi ili asijibu hoja zake kuhusu kodi na vibarua. Wanaolitumia leo wanakwepa hoja ya shamba. Sioni tofauti, na naona aibu kwamba tunabeba shada la maua hadi Bungale huku njiani tukipita kwenye maboma ambayo bibi wa nyumba amekimbia.

Hapa pia ndipo baraza la kijiji lenye wanawake wazee ndani yake lingefaa. Tuhuma huanza kama mnong'ono wa jirani kwa jirani. Polisi huja baada ya panga. Mwenye kuweza kuuzima mnong'ono ni mtu wa kijiji hicho hicho mwenye mamlaka yanayotambuliwa, ambaye anawajua wote wawili na anajua mpaka wa shamba uko wapi.

Karani mstaafu

Nimefanya kazi na madiwani tangu enzi za halmashauri na ninakubaliana na wewe. Akina mama wachache waliokuwa madiwani wakati ule walikuwa wakipelekwa kwenye kamati ya afya na ustawi wa jamii, kana kwamba fedha na ardhi si mambo yao. Sasa unapendekeza nini hasa? Agosti haiko mbali.

MwanaSabaki

Mzee wangu, nina mambo matatu na yote yanawezekana.

Kwenye sherehe ya mwaka huu, wanaoandaa wawape nafasi wanawake wazee wa vijiji kutoka Magarini na Malindi wazungumze kabla ya wanasiasa. Wasiitwe kucheza tu. Mama Garashi apewe dakika 10 asome daftari lake.

Pili, wakati wa vikao vya umma vya bajeti, tukaulize msimamizi wa wadi kwa maandishi: mabaraza ya vijiji yaliyomo kwenye sheria ya 2012 yatawekwa lini katika wadi hii, na wanawake wangapi watakuwamo? Barua ikiwa na saini za watu wengi haiwekwi kapuni kirahisi. Wakili mtarajiwa, hapo tunakuhitaji utuandikie rasimu.

Tatu ni kwa walimu walio humu. Mkimfundisha Mekatilili, msiishie 1914. Watoto waambiwe na 1919.

Wakili mtarajiwa

Rasimu nitaiandika. Nitumieni majina ya wadi zenu inboksi, nianze na Garashi, Ganda na Jilore.

Mama Garashi

Dakika 10 zinanitosha. Garashi weka jina langu la kwanza kwenye saini, na kesho barazani nitawauliza wengine.